Mbegu Mgeni, Lawama kwa Mpwani

Kuna kauli mbili zisizokosa kusemwa Mombasa kila bei ya nyanya inapopanda. Ya kwanza ni kwamba Mpwani mvivu: ardhi anayo, mvua anayo, na bado anangoja lori limletee kabichi ya Kinangop na nyanya za Taveta na Loitokitok. Ya pili husemwa na watu waungwana zaidi, wenye shahada na vikao vya hotelini: mbegu bora zipo tayari duniani, kazi iliyobaki ni kuziagiza na kumfundisha mkulima namna ya kuzitumia. Kauli hizi huzungumzwa kama kwamba hazijuani. Nionavyo mimi ni ndugu wa tumbo moja. Anayeamini ya pili hana budi kuishia kwenye ya kwanza, maana mbegu ikishahukumiwa kuwa haina kosa, na shamba likikataa kuzaa, wa kulaumiwa anabaki mmoja tu, naye ni mwenye jembe.

Shimanzi, mtaa wa maghala kando ya bandari ya Mombasa ninakoshinda mchana wangu, kauli ya pili ndiyo dini. Si ajabu. Hapa kila kitu kimeletwa. Mafuta yanapandishwa kutoka gatini hadi kwenye matangi, ngano inafyonzwa melini na kuingizwa kwenye maghala marefu. Mbolea, mitumba, vipuri na matairi hupita katikati ya kuta hizi hizi zenye vumbi kabla ya kupakiwa malorini. Mtu akikaa hapa miaka mingi anazoea kuiona dunia kuwa orodha ya bidhaa: bati likitoka India ni bati, na likifika Voi ni bati vilevile. Mbegu nayo huja kwa karatasi za forodha, kwa kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, kwa sahihi ya klarani yuleyule aliyetoa matairi asubuhi. Ni rahisi kusahau kwamba bati haliulizi usiku wa huku una joto kiasi gani.

Na uvivu? Kando ya reli, nyuma ya ghala moja, kuna askari wa zamu ya usiku aliyejikatia vitaru vyake vya mchicha na matembele. Hana bwana shamba wala mkopo. Anamwagilia kwa mtungi, anavuna, anawauzia mama wa vibanda vya chakula. Mara moja alijaribu nyanya palepale, kwa mtungi uleule na mikono ileile. Miche ikawa mirefu kumpita kiuno, ya kijani kibichi, haina tunda. Anayetaka kunieleza kwamba mtu huyu ni mchapakazi anapolima mchicha na mvivu anapolima nyanya, nipo, namsikiliza.

Tuanze na rafu za duka la pembejeo, kwa sababu majina yaliyo kwenye makopo yanasema mengi kuliko hotuba. Pilipili hoho ni California Wonder, aina iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1928. Mabenda ni Clemson Spineless, ya South Carolina, 1939. Tikiti ni Sugar Baby ya Oklahoma, miaka ya 1950, au Crimson Sweet iliyotolewa Kansas mwaka 1963. Biringanya ni Black Beauty, iliyotolewa na kampuni ya Burpee ya Philadelphia mwaka 1902, kabla soko letu la Marikiti halijajengwa. Karoti ni Nantes, jina la mji wa Ufaransa. Kabichi ni Copenhagen Market. Nyanya ni Moneymaker, aina ya kale ya nyumba za vioo za Waingereza, au ni Cal J, ambayo jina lake lenyewe linakutajia California. Utageuza makopo mpaka mwenye duka akuulize kama unanunua au unasoma, na jina la Kilifi, Kwale au Tana hutaliona.

Sizitukani mbegu hizi. Kila moja ilikuwa jibu zuri kwa swali la mtu fulani. Mabenda ya Clemson yaliondolewa miiba kwa sababu wavunaji wa South Carolina walichoka kuwashwa mikono. Nyanya za ukoo wa Cal J zilikusudiwa viwanda vya California: mti mfupi, matunda yanayoiva kwa pamoja, ili mashine ipite shambani mara moja na kazi iwe imekwisha. Sasa mchukue mama wa Kikambala mwenye robo eka. Mashine hana, kiwanda hakipo. Anachotaka ni mti unaozaa polepole kwa wiki nyingi, avune ndoo leo na ndoo Ijumaa, apate nauli ya mtoto na unga wa jioni. Mbegu inamletea mavuno yote ndani ya siku chache, wakati majirani zake wote nao wamevuna, na bei imelala chini. Hata ikizaa vizuri, imezaa kwa ratiba ya mtu mwingine.

Lakini mara nyingi haizai vizuri, na hapo ndipo kauli ya kwamba mbegu nzuri ni nzuri popote inapoanguka. Shahidi wangu wa kwanza ni kitunguu. Kitunguu hakianzi kujaza kichwa kwa sababu ya mbolea; kinapima urefu wa mchana. Aina nyingi za Ulaya ya kaskazini zinataka mchana wa saa 14 au zaidi. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta, na mchana wetu mwaka mzima ni wa saa 12, hauongezeki wala haupungui kupita nusu saa. Panda hapa kitunguu cha Uholanzi kilichoshinda tuzo zote za kwao, umwagilie, upalilie, ukisomee dua: utavuna majani. Ndiyo maana madukani tunauziwa Red Creole ya Louisiana na Bombay Red, aina zinazoridhika na mchana mfupi. Mtu fulani alishachagua kwa kuangalia mahali. Kwa hiyo muuzaji anayesema mahali si kitu amekwisha kanushwa na kopo lililo nyuma ya kichwa chake mwenyewe.

Nyanya, au tungule kama tunavyoziita sisi, zina masharti yao. Ua la nyanya huunda chavua nzuri usiku ukiwa na ubaridi, nyuzi 15 mpaka 20 hivi. Usiku ukizidi nyuzi 21 chavua huanza kudhoofika, na kadiri joto linavyopanda ndivyo maua yanavyokataa kushika tunda. Mombasa, mwezi wa Machi, upepo wa kaskazi unapolegea na mvua za mwaka hazijaja, usiku huzunguka nyuzi 24. Inama chini ya mche wakati huo utazame. Juu ni jani zuri, nene, hata mpita njia atalisifu. Chini, maua ya manjano yamelala mchangani, kila moja limekatikia palepale, kwenye kifundo kidogo cha kikonyo, kana kwamba mtu amepita na mkasi. Mkulima anaambiwa aongeze mbolea. Anaongeza, na jani linazidi kunawiri. Maua yanaendelea kudondoka. Msimu ukiisha ripoti inaandikwa kwamba wakulima wa ukanda huu hawafuati maelekezo.

Kuna jambo jingine, la kitaalamu kidogo, ambalo lingewatoa watu vikaoni kama lingejulikana. Paketi nyingi za nyanya huandikwa herufi V, F na N. Ile N ni ahadi kwamba mmea unahimili minyoo fundo, wale wadudu wa udongoni wanaovimbisha mizizi mpaka ionekane kama tasbihi iliyofungwa vibaya. Ahadi hiyo inategemea jeni moja, iitwayo Mi, iliyochukuliwa miaka ya 1940 kutoka kwa ndugu wa mwituni wa nyanya mwenye asili ya Peru. Ni jeni ya ajabu na imewaokolea wakulima wengi mali. Ila udongo ukipita nyuzi 28 za joto, jeni hiyo huacha kufanya kazi. Mchanga wa Pwani, juani, mche ukiwa bado mdogo haujajifunika kwa majani yake, unapita hapo bila taabu. Na minyoo hao hawapendi udongo wowote kama wanavyopenda mchanga. Maana yake ni kwamba mkulima wa Msambweni amelipia kinga isiyofanya kazi kwake, na paketi haikumwambia. Angeuziwa dawa ya binadamu iliyo hivyo, ingekuwa kesi.

Mnyauko wa bakteria ndio nisiongeze maneno. Kila aliyelima nyanya udongo wa joto na maji anaujua: mche mzima, kijani, unalala adhuhuri moja na hauinuki tena. Kata shina, litumbukize kwenye gilasi ya maji safi, na uzi mweupe kama tui utaanza kuteremka. Hakuna dawa ya kupuliza inayouponya. Kilichopo ni mbegu inayouhimili, na mbegu za namna hiyo zipo. Mojawapo ya vyanzo vinavyotegemewa duniani, Hawaii 7996, ilitoka kwenye visiwa vyenye joto kama hili letu. Lakini bakteria huyo ana koo nyingi, na kinga iliyosimama imara mahali pamoja huweza kuyumba pengine. Hilo halijulikani kwa kusoma kitabu cha bidhaa. Hujulikana kwa kupanda kwenye udongo wa hapa na kuhesabu miche iliyokufa.

Wapinzani wangu watasema nadai jambo geni na la gharama. Geni? Serikali ya Kenya ililijua zamani, kwenye mahindi. Hakuna afisa aliyewahi kusimama Kaloleni na kumlazimisha mtu apande mahindi ya Kitale kisha amwite mvivu yalipokataa. Nchi iligawanywa. Kitale ilifanyia kazi nyanda za juu na kutoa H611 mwaka 1964. Katumani, kule Machakos, ikashughulikia sehemu za ukame. Pwani ikapewa kituo cha Mtwapa, nacho kikatoa Coast Composite mwaka 1974, Pwani Hybrid 1 mwaka 1989, na Pwani Hybrid 4 mwaka 1995. Kituo hichohicho kikaingia kwenye muhogo na kutoa Tajirika, Karembo, Karibuni, Nzalauka, Shibe na Siri. Watafiti hao walikaa kwenye joto letu, wakapambana na magonjwa yetu, na hawakumwomba mkulima ahamishe bahari. Basi nchi iliyokubali kwamba mahindi yana mahali pake, ilipofika kwenye mboga ilipata wapi wazo kwamba nyanya moja yatosha kutoka Limuru hadi Lunga Lunga?

Jibu, kama nijuavyo, ni kwamba mboga hazikuhesabiwa kuwa chakula. Mahindi ni usalama wa taifa, yana waziri na ghala la akiba. Mboga ni kitu cha mama wa jikoni, na zile za kusafirisha nje, mishiri ya Ulaya, zikawa na watetezi wake kwa sababu zinaleta fedha za kigeni. Mchicha, mchunga, mnavu na majani ya kunde vilikaa kwenye fungu la magugu mpaka watu wachache wakakataa. Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT alizifanyia utafiti mboga za Kiafrika miaka mingi kabla hazijawa mtindo, na Umoja wa Afrika ukamtunuku mwaka 2010. Leo hoteli zinaziandika kwenye menyu. Bado hiyo ni kusifiwa. Kuzalishiwa aina ya mahali ni kazi nyingine.

"Wacheni soko lifanye kazi yake," huniambia mfanyabiashara mmoja wa hapa Shimanzi ambaye namheshimu, na ambaye mwenyewe ameuza mbegu. Mkulima akiitaka nyanya ya joto, kampuni italeta. Nilimwuliza nani ataiunda hiyo itakayoletwa. Kampuni ya mbegu si shirika la sadaka. Itaweka fedha zake mahali wanunuzi walipo, nao ni wakulima wa Mwea na Naivasha, si mama wa robo eka wa Kikambala. Tena nyanya isiyo chotara huzaa mbegu inayofanana nayo, na mkulima mwerevu hununua paketi mara moja tu. Kwa kampuni hiyo ni hasara. Kwa nchi ni faida, na mambo ya namna hiyo ndiyo yaliyofanya kodi ikabuniwa.

Watetezi wa soko hupenda kunitajia Simon Groot, na wana haki. Mholanzi huyu, mtoto wa ukoo wa wauza mbegu wa Enkhuizen, alikwenda Ufilipino mwaka 1982 na kuanzisha East-West Seed pamoja na mfanyabiashara wa mbegu wa hukohuko, Benito Domingo. Wakawazalishia wakulima wadogo wa nchi za joto mboga za nchi za joto, na mwaka 2019 Groot akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Namkubali kabisa. Lakini soma alichofanya. Hakukaa Uholanzi akituma makopo. Alihamisha shamba la majaribio likaenda kukaa kwenye joto la mkulima, kwenye magonjwa ya mkulima, na akaanza na karela, mboga ambayo Ulaya hawana habari nayo. Wala hakuanza kwenye nchi tupu: Taiwan tangu mwaka 1971 kulikuwa na kituo cha utafiti wa mboga kisicho cha faida, ambacho leo kinaitwa World Vegetable Center, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kusaka nyanya inayoshika tunda kwenye joto. Kampuni ilistawi jirani na kazi ya umma. Ukimtaja Groot mbele yangu, umetaja hoja yangu.

Kituo hicho cha Taiwan kina tawi Arusha tangu miaka ya 1990, na huko kuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1997, pamoja na taasisi ya kilimo cha bustani ya Tengeru, zilitolewa nyanya mbili, Tanya na Tengeru 97. Zilikuwa na ganda gumu na matunda yasiyooza haraka, sifa zinazookoa mzigo kwenye barabara mbovu, na zikaenea Tanzania. Mwaka 2011 zikafuata mboga za majani zikiwemo mchicha wa Madiira na mnavu wa Nduruma na Olevolosi. Jirani yetu ameonyesha kwamba inawezekana kwa fedha za kawaida na watu wa kawaida. Ila Tengeru iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, chini ya Mlima Meru, ambako watu hulala kwa blanketi. Mbegu za Arusha ni wazazi wazuri wa mbegu zetu. Kuzichukua kama zilivyo na kuzishusha Mtwapa ni kurudia kosa lilelile kwa masafa mafupi zaidi.

Kuhusu grinihausi, ambazo wengine watanitajia kuwa ndiyo dawa, sitachelewa. Nyumba ya plastiki ilibuniwa kuhifadhi joto kwa watu wenye baridi. Kuipeleka Malindi, ambako joto ndilo adui, kisha kufunga pande zake ili inzi weupe wasiingie, ni kuupika mche. Zipo zilizorekebishwa vizuri, zenye neti na paa la kupumua, na wenye mtaji wanazimudu. Nyingi nilizoziona kando ya barabara ya Malindi zimebaki mabomba, na plastiki yake imeezekea banda la kuku.

Sasa niwageukie marafiki zangu, kwa sababu kosa haliko upande mmoja. Wapo wanaonisikia nikisema hivi na kupiga makofi mapema: naam, turudi kwenye mbegu za mababu, wazungu wachukue makopo yao. Nawaelewa. Kwa miaka mingi Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ya Kenya ilimfanya mkulima anayeuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa kuwa mhalifu, kwa adhabu ya kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni moja. Wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikaviondoa vifungu hivyo kwa kukiuka katiba. Nilifurahi kama wao. Bibi anayempa jirani kibaba cha mbegu ya kunde si mhalifu, na hakupaswa kuwa mhalifu siku hata moja.

Lakini ruhusa ya kutunza mbegu haizalishi mbegu. Chukua ile tungule ndogo ya kienyeji inayojiotea jalalani na nyuma ya choo. Inashika tunda Machi bila kubembelezwa, maana nyanya za matunda madogo kwa kawaida huvumilia joto kuliko kubwa. Ni hazina. Ila ikinyeshewa inapasuka, ukiipakia kwenye tenga la chini inakuwa rojo kabla ya kufika soko la Kongowea, na mpishi wa harusi wa Mji wa Kale hataimenya elfu moja ili apate sufuria moja ya mchuzi. Mchicha wetu wa kienyeji nao, aina nyingine huona mchana wa saa 12 ukawa ishara ya kutoa maua, na majani huisha kabla mkulima hajavuna mara ya tatu. Tabia kama hizo zinarekebishika kwa kuchagua na kuchanganya kwa subira. Kuzitungia mashairi hakutazibadilisha. Benki ya mbegu ya taifa iko Muguga, nyanda za juu, ndani ya majokofu. Mbegu iliyolala kwenye jokofu ni wasia. Mpaka mtu aitoe, aichanganye na Tengeru 97, apande watoto wake mamia kwenye mchanga wa Mtwapa, haijamlisha mtu.

Na kazi yenyewe si muujiza. Unachukua mzazi mwenye ganda gumu na mzazi anayeshika tunda kwenye joto na mzazi anayehimili mnyauko. Unawachanganya. Kisha unafanya jambo ambalo vituo vya nyanda za juu haviwezi kulifanya hata vikitaka: unapanda watoto wao ili wachanue Machi, mwezi mbaya kuliko yote, na unaacha usiku wa Mombasa uchague. Wanaopukutisha maua, kwaheri. Wanaobaki unawapanda tena. Huko Ulaya nje ya vioo wana msimu mmoja wa nyanya kwa mwaka. Sisi, maji yakiwepo, hatuna majira ya baridi ya kusubiri, na vizazi viwili au vitatu kwa mwaka vinawezekana. Joto lilelile linaloitwa laana ya kilimo chetu ndilo linalofupisha kazi.

Halafu usiwaachie watafiti peke yao uamuzi wa mwisho. Nenda na matenga matatu Kongowea alfajiri, malori yanaposhusha. Mwuzaji wa nyanya hatakusomea ripoti. Ataichukua moja, ataibonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo, ataigeuza atazame kitako kama kina weusi, ataitupa kwenye rundo au ataiweka kando. Kidole kile kinajua imebakiwa na siku ngapi. Kisha peleka nyingine kwa wapishi, kwa sababu nyanya ya rojo la biriani haina kazi moja na ya kachumbari. Aina iliyopita kwa mwuzaji na mpishi haihitaji semina ya kuhamasisha wakulima. Watakuja kuitafuta wenyewe, na kama mlango umefungwa wataruka ukuta.

Najua kwamba mbegu haimalizi yote. Maelfu ya wakulima wa Pwani wanalima ardhi isiyo yao kwa karatasi, na mzizi wa hilo unarudi mpaka Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908. Maji nayo ni habari ndefu. Ila angalia: haya mawili huzungumzwa kila uchaguzi, walau kwa unafiki. Mbegu ya mboga haizungumzwi hata kwa unafiki, kwa sababu kila mtu ameshakubali kwamba ipo tayari kwenye kopo.

Wa kulipa ni nani? Hapo pana mchezo ambao tangu ugatuzi umechezwa kwa ustadi. Ukiiuliza kaunti, inakwambia utafiti ni wa serikali kuu. Ukiiuliza serikali kuu, inakwambia kilimo kimegatuliwa. Wote wawili wana kifungu cha kukusomea. Katikati yao kuna Mtwapa, kituo chenye ardhi, chenye joto, chenye jina lililotengenezwa na mahindi na muhogo. Kaunti 6 za Pwani zimekwisha kuungana katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani, na zina mahali pa kukaa na kukubaliana. Ziajiri watafiti wawili wa kuzalisha aina mpya za mboga, mmoja wa nyanya na jamaa zake, mmoja wa mboga za majani. Ziwape mafundi, kisima na mkataba usiokatika gavana anapobadilika. Kila kaunti ikitoa sehemu yake, haitafika bei ya mabango na mahema ya maonyesho ya kilimo.

Watasema kazi hiyo itachukua miaka minane au kumi, na mwananchi ana njaa leo. Hoja hiyo ilikuwepo pia mwaka 1989. Kama kazi ya nyanya ingeanzishwa Mtwapa mwaka ule Pwani Hybrid 1 ilipotoka, saa hizi tungekuwa tunabishania aina ya nne au ya tano, na ugomvi wenyewe ungekuwa kama ganda lake litahimili lori la kwenda Nairobi.